Ngeu ya seremala, wino wa utenzi

Herufi za Kiarabu nimeziandika tangu chuo cha Kurani, hivyo kunakili utenzi hakukunipa taabu. Kazi ilikuwa kwenye wino mwekundu. Nilitaka kumtunza mpwa wangu arusini kwa beti chache zilizoandikwa kama baadhi ya miswada ya kale ya Lamu: maneno meusi, na alama nyekundu za kutenga kipande na kipande cha ubeti. Muhamadi Kijuma, mchonga milango wa Lamu aliyefariki 1945, alinakili tenzi nyingi, na miswada yake kadhaa imehifadhiwa katika chuo kikuu cha SOAS, London. Picha za miswada hiyo ndizo zilizonitia tamaa. Wino wa dukani ni ule wa kusahihishia madaftari; haufanani kabisa.

Waandishi wa Uajemi na Ulaya walitumia zingefuri, yaani zebaki iliyoungana na salfa. Wekundu wake ni wa kupendeza mno, ila ni sumu, na nyumbani kwangu kuna watoto. Nyekundu ya madini ya risasi nayo ni sumu, tena yaweza kugeuka nyeusi kadiri miaka inavyopita. Nikachagua ngeu, udongo mwekundu wa maseremala kupigia mistari.

Niliiponda, nikailoweka na kuikoroga. Mchanga ulipotuama upesi, niliyamimina maji mekundu kwenye bakuli jingine, nikayaacha hadi asubuhi. Nilirudia mpaka rangi ikawa laini, vidole visihisi chembe. Kisha niliisaga juu ya kioo pamoja na maji ya gundi ya mgunga. Hapo kwenye gundi pana hila: ikipungua, maandishi yakikauka yanapukutika; ikizidi, yanang'aa kama peremende na kupasuka. Sikupima kwa kijiko. Niliandika alif kwenye kipande cha karatasi, nikaiacha ikauke, nikaisugua kwa kidole. Rangi ikitoka, naongeza gundi kidogo.

Ngeu ni nzito, huzama. Kwa hiyo nilikoroga kila nilipochovya, na kalamu yake ya mwanzi niliitenga na ile ya wino mweusi.

Nyeusi hutangulia. Vivyo hivyo Ulaya ya kale: mwandishi aliacha nafasi, mtu wa rangi akaja baadaye, na vipo vitabu ambavyo nafasi hizo ziko tupu hadi leo. Kila kipande kina mizani nane, lakini mizani sawa hazitoi urefu sawa wa maandishi. Sini moja tu yaweza kuvutwa ikala nafasi ya herufi tatu. Nilipiga safu nne kwa penseli, moja kwa kila kipande cha ubeti, nikavuta au kubana herufi ndani yake, ndipo alama nyekundu zikasimama wima zikifuatana ukurasa mzima.

Manjano, ambayo misahafu ya kale ya Siyu, kisiwani Pate, huichanganya na nyekundu na nyeusi, sikuigusa. Ngeu iliyobaki nimeihifadhi kavu. Ikishachanganywa na gundi huvunda upesi kwa joto letu, basi nasaga ya kutosha siku moja tu.