Cuxhaven mpaka Neuwerk kwa mguu, na tope linaloitwa Schlick

Jamani kuna bahari Ujerumani unaivuka kwa mguu, siwatanii. Tulitoka Hamburg na treni ya asubuhi mpaka Cuxhaven, tukaungana na kundi la muongozaji pale ufukwe wa Sahlenburg, maji yameshaanza kupwa na mbele ni uwanda wa kijivu tu mpaka kisiwa cha Neuwerk, kilomita kama 10 hivi.

Mwanzo ni mchanga mgumu, unatembea freshi kabisa, mikokoteni ya farasi inawapita na abiria wake wamekaa wakavu juu. Afu ghafla mguu ukazama karibu na goti. Muongozaji akacheka, karibuni kwenye Schlick!

Yaani hawa watu matope wameyagawa. Schlamm ni tope lolote, Matsch ni lile la mvua njiani au theluji iliyoyeyuka, ila Schlick ni lile laini kabisa ambalo maji yamelileta yakaliacha litulie, baharini au mtoni. Neno lenyewe limetoka kwenye Kijerumani cha kaskazini cha zamani, na ni ndugu wa schleichen, ambayo leo ni kunyata lakini zamani ilikua kuteleza. Sawa, kuteleza nimekuona, ila kunyata mtu anyateje wakati kila hatua inalia pwaa! Dawa yake unainua kisigino kwanza hewa ipenye, ukivuta kwa pupa unaacha kiatu huko huko.

Eneo lote sasa linaitwa Watt, la ukoo mmoja na waten, kupita majini kwa miguu, kwa hiyo Watt ina mchanga pia, Schlick ni sehemu yake tu.

Muongozaji akachimba kidogo kwa uma, juu kahawia, chini jeusi tii linanuka mayai viza kwa sababu oksijeni haifiki. Akatoa Wattwurm, mnyoo mnene wa chambo, kumbe ndo wenye vile virundo vya mchanga vilivyosokotwa kama tambi kila mahali.

Neuwerk tukanawa miguu, tukapanda mnara wa matofali wa tangu 1310, maji yakajaa tukarudi na boti. Ukitaka kwenda usijiendee mwenyewe, maji yanajaza mikondo ya nyuma yako kwanza, ndo maana njiani wamesimamisha vizimba vya kupanda kujiokoa.