Kilimambogo mara ya nne: kileleni, si kaburini

Jumapili, saa tatu usiku. Miguu imo ndani ya beseni la maji moto na chumvi, daftari liko gotini, na ukucha wa kidole gumba cha kushoto umerudia ile rangi yake ya zambarau. Si kitu. Leo tumefika juu. Juu kabisa penye milingoti, wala si pale kaburini nilipoishia Julai.

Kwa anayeanzia hapa: mwaka huu nilijipa kazi ya kupanda mlima mmoja tena na tena, kwa matatu na miguu yangu, bila gari la kukodi wala kikundi cha kulipia, na siku nzima isizidi shilingi 2,000, kila kitu ndani. Nataka kujua kama mwili uliozoea kiti cha ofisi unaweza kufunzwa taratibu mpaka siku moja ufike Point Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985. Kilimambogo, karibu na Thika, una mita 2,145, na njia yake ni barabara ya murramu ipitayo magari, kama kilomita 9 kutoka langoni hadi kileleni. Hakuna kamba wala mwamba wa kuparamia, na kupotea ni vigumu. Ni mlima wa wanaoanza. Wengi huja mara moja, wakapiga picha, wakahamia mlima Longonot. Mimi nimeng'ang'ania huuhuu kwa sababu kona zake ni zilezile kila ninaporudi. Nikiwa nimechoka zaidi ya mara iliyopita kwenye kona ileile, najua kosa ni langu.

Januari nilikwenda na raba za sokoni, chupa moja ya lita moja, na kiburi. Nilifika langoni saa tano mchana. Mwenye boda alinitajia bei ya mgeni, nami nikalipa kama mgeni. Kwenye kilomita ya nne maji yaliisha, jua likawa utosini, na huo ndio ukawa mwisho wa mradi kwa siku ile. Ukucha uliharibika wakati wa kuteremka, kwa sababu raba zilikuwa zinanikaa sawasawa. Kiatu kikikukaa sawasawa dukani, mlimani ni kidogo: kwenye mteremko mguu husukumwa mbele, na vidole vikagonga ukuta hatua baada ya hatua, kilomita baada ya kilomita. Siku hizi navaa kiatu kilichozidi nusu saizi, na kamba nazikaza sana kwenye kifundo kabla ya kuanza kushuka. Leo nilisahau kuzikaza, ndiyo maana nipo na beseni.

Gharama ya Januari: 2,650. Nilivunja sheria yangu siku ya kwanza.

Aprili sikupanda. Masika yalikuwa yamepamba moto, na kuanzia Thika tulisafiri ndani ya mvua, mashamba ya mananasi yakipita dirishani kama mkeka wa kijani usio na mwisho. Langoni waliniambia barabara inateleza, nami nikageuza nia nikaenda Fourteen Falls, ambako Mto Athi unaanguka kama mita 27 ukiwa umejigawa katika mikondo ile kumi na minne inayobeba jina. Siku ile hapakuwa na cha kuhesabu. Mikondo yote ilikuwa imeungana ikawa ukuta mmoja wa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mshindo wake unausikia kifuani kabla hujauona.

Halafu kuna povu. Picha nyingi za mahali hapa hazilionyeshi. Chini ya maporomoko linakusanyika jeupe, zito, kama la beseni la kufulia, na upepo unalimega vipande na kuvitupa kwenye majani. Kuna harufu pia. Si ajabu: Mto Nairobi unaingia Athi kabla ya kufika hapa, kwa hiyo mwoshaji wa magari wa Grogan, mjini Nairobi, na mfereji wa mtaa wangu wote wamo ndani ya ukuta ule. Mtu hutoka mjini asubuhi kukimbia uchafu, akapanda matatu mbili, akafika, na uchafu wake ukawa umemtangulia. Maji haya yakitoka hapa yanazunguka mlima, yanakwenda mbali, yanabadilisha jina yakawa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Shangazi yangu anaishi kule, na kila masika hulalamika kwamba bahari imekuwa nyekundu. Sasa najua nimwambie nini, ila sijapata ujasiri.

Vijana wa pale huruka kutoka juu ya mwamba kwa malipo, wakaibuka mbali wakicheka. Nililipa mtumbwi tu. Kuogelea sijaogelea, na sitaogelea.

Gharama ya Aprili: 1,340, kwa kuwa sikuingia hifadhini. Nimeiandika lakini siihesabu.

Julai ndiyo iliyonipa moyo. Baridi, ukungu, barabara kavu. Niliondoka mjini na matatu ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikawa langoni saa moja na nusu. Hapa kupanda peke yako hakufai, maana nyati wapo kwelikweli. Unapewa askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na ada yake inagawanywa kwa kundi. Hifadhi hii ya mwaka 1967 ni ndogo, kilomita za mraba kama 20, karibu yote ikiwa ni mlima wenyewe. Yaani nyati nao wanaishi kwenye njia yako, hawana kwingine pa kwenda.

Nilifika makaburini, kilomita ya saba hivi. Hapo amezikwa Sir William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, tajiri wa shamba la Juja, aliyemkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alikuwa mtu wa miraba minne. Husimuliwa kwamba alitaka alazwe kileleni, lakini alipofariki mwaka 1925 jeneza likashindikana kupandishwa. Gari lililolivuta liligoma kwenye mwinuko, na waombolezaji wakaamua kuwa hapo panatosha. Mkewe Lucie yuko kando yake, na mtumishi wao Louise Decker, na mbwa. Sisi wa Nairobi tunamjua kwa ile maktaba ya Banda Street yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu yake na ikabaki ya Wazungu pekee kwa miaka mingi ya ukoloni. Nimewahi kusomea humo mitihani. Sikujua kwamba mwenyewe yuko mlimani, akiangalia Athi ikijinyonganyonga bondeni.

Nami siku hiyo niliishia alipoishia yeye. Askari alitazama saa, akanitazama magoti, akasema, "Mzee, huyu bwana hakufika, na alikuwa anavutwa. Wewe umekuja kwa miguu. Turudi." Sina hata miaka arobaini, lakini "mzee" ile niliistahili.

Gharama ya Julai: 1,980. Sheria imetiiwa.

Haya, leo. Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu, ambaye hukimbia kila asubuhi na ambaye kwa hiyo hana la kunifundisha. Langoni tuliungana na wanafunzi sita wa chuo, na kwa hilo ada ya askari ikawa pesa ya soda. Kiingilio tulikuwa tumeshalipa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, tukiwa bado Thika. Fanyeni hivyo. Kulipia langoni huku mtandao unazunguka ni kupoteza nusu saa ya baridi, na hiyo nusu saa utaidaiwa na jua baadaye.

Kilomita tatu za mwanzo nilitembea polepole kwa makusudi, kiasi cha kuweza kuzungumza bila kukata pumzi. Wanafunzi walitupita wakiimba. Kwenye kona ya nne tuliwakuta wamekaa juu ya mawe, kimya, mmoja ana kichwa katikati ya magoti. Binamu alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

Asubuhi ilikuwa safi. Kutoka kwenye kona moja iliyo wazi Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ulionekana wote, meno yake meusi na weupe kidogo ubavuni, kisha baada ya dakika kumi wingu likaufunika na hatukuuona tena. Wakikuyu huuita mlima huu wetu Kĩanjahĩ, mlima wa njahi, aina ya maharage, na katika mapokeo yao ni mmoja wa milima ya Ngai, Mungu wao, pamoja na ule wa kule mbele. Wakamba nao wanauita kwa jina la mbegu hiyohiyo, Kyanzavi. Wamaasai waliona ukubwa tu, wakasema Ol Donyo Sabuk. Kiswahili ndicho kilichoona nyati.

Na nyati tulikuwa naye. Tulipoyapita makaburi msitu ukafunga, mwanga ukawa wa kijani, ndege shorobo wakilia juu kama mlango unaohitaji mafuta. Askari aliinua mkono. Mbele yetu barabarani palikuwa na samadi bado inafuka moshi. Tulisimama. Kushoto, si mbali hata kidogo, kichaka kikavunjika, ka, ka, ka, halafu kimya, halafu pumzi moja nzito iliyotoka puani mwa kitu kikubwa. Hakuna aliyeimba. Askari hakuishusha bunduki begani wala hakuongea. Alisubiri tu, uso umegeukia kichakani, mpaka sauti ikahama kuelekea bondeni. Baadaye alitueleza kwamba kundi halimsumbui. Anayemsumbua ni dume mzee aliyetengwa, anayetembea peke yake na hasira zake. Binamu alinong'ona, "Kama mjomba," na kwa mara ya kwanza toka asubuhi sote tukacheka, ila kwa sauti ya chini.

Kilomita mbili za mwisho zilinichukua dakika hamsini. Kilele chenyewe, niseme ukweli, hakina mandhari ya kujivunia: milingoti ya mawasiliano, uwazi wa nyasi, msitu pande zote. Ukitaka kuona nchi, rudi makaburini. Lakini nilikaa kwenye nyasi zile nikala mayai mawili na ndizi, na sikutaka kuwa mahali pengine. Saa nne na dakika ishirini. Tulikuwa tumetoka langoni saa moja na dakika kumi.

Kushuka ndiko kulikoniumiza. Nilikuwa nimebeba lita tatu na kubakiza nusu, kwa hiyo kiu haikuwa shida. Shida ilikuwa magoti, na zile kamba nilizosahau kwa furaha. Kwa safari ijayo nataka fimbo mbili, si moja, na si za duka: fundi wa mtaani ameniahidi vipini vya jembe vilivyopigwa msasa. Jumla ya kwenda na kurudi, kilomita 18, saa tano na dakika arobaini pamoja na mapumziko. Julai nilitumia saa tano kwa kilomita 14. Huo ndio ushahidi pekee nilionao kwamba mradi unasonga.

Chakula tulikila Donyo mjini, kibandani kwa mama mmoja anayepika chapati kwenye kikaango cheusi kuliko usiku. Nikamwuliza ana nini. "Kuna ndengu, kuna njahi." Ningeagiza nini kingine? Njahi nyeusi nyororo, ile ambayo Kiswahili cha vitabuni kinaita fiwi, imepikwa na ndizi mbivu kidogo ikapata utamu wa mbali, kwenye bakuli la bati, mlima wenye jina lake ukitukalia mgongoni. Mama akaona ninavyochechemea, akaniongezea mwiko mmoja. "Umetoka huko juu, mwanangu? Na hukuwa na gari?" Nikasema hapana. Akaguna, akarudi jikoni kama mtu aliyethibitisha jambo.

Tulimalizia Fourteen Falls, kiangazi sasa, maji machache. Povu lilikuwapo, dogo. Miamba iliyozama Aprili ilikuwa imetoka nje, na mikondo ilikuwa imetengana vizuri, unaweza kuinyooshea kidole mmoja mmoja. Nimegundua kwamba mpangilio huu ndio wa sawa: mlima asubuhi, maji alasiri. Ukianza na maji unalegea, na mlima hautapandwa.

Gharama ya leo: nauli kwenda na kurudi 700, chakula na maji 240, na 990 imeenda kwa hifadhi, sehemu yangu ya askari na maporomoko. Jumla 1,930.

Jambo moja halijafungwa. Binamu amehesabu mikondo kumi na miwili. Mimi nimehesabu kumi na mmoja, na huo wake wa kumi na mbili ni maji yanayolamba jiwe tu, kikombe hayajazi. Tumebishana kuanzia mtumbwini hadi Thika, makanga akaingilia akiwa upande wake. Tutarudi Novemba, vuli ikishaanza kuujaza mto, na atakayekuwa amekosea atalipa nauli ya wote wawili.