Kichwa changu na birika langu

Mama alinipigia simu ya video Jumapili moja nikiwa nimetoka kuoga, na kabla hata salamu hazijaisha akauliza, "Wewe, hicho kichwani ni unga?"

Nikajitazama kwenye simu. Kweli. Kuanzia utosini hadi nyuma ya masikio nywele zilikuwa na vumbi jeupe, kama za mtu aliyeshinda akipaka dari chokaa. Nikamwambia ni mwanga wa taa. "Mwanga haumwagiki kichwani, mwanangu," akasema. Ilikuwa wiki ya tatu tangu niache shampuu, na nilikuwa nimeshamwapia kila aliyeniuliza kwamba nywele zangu hazijawahi kuwa na afya kama wakati ule.

Kilichonifikisha huko ni kuwashwa. Wengi tuliohamia nchi za baridi tunaijua hali hii: nje hewa kavu, ndani hita inawaka usiku kucha na kuikausha zaidi, mikono inapauka, midomo inapasuka, na kichwa kinawasha hadi unajikuna ndani ya basi ukijifanya unaweka kofia sawa. Nilikuwa naosha nywele kila baada ya siku mbili kwa shampuu yenye povu jingi, nikiamini mwasho ni uchafu. Kadiri nilivyoosha ndivyo kilivyowasha.

Kazini kulikuwa na dada mmoja mwenyeji, nywele zake zimenyooka hadi kiunoni. Akaniambia ana mwaka mzima hajagusa shampuu. Alinieleza kwamba shampuu inakomba mafuta, kichwa nacho kinashtuka na kutengeneza mengine kwa fujo. Ukiacha, utateseka wiki chache, kisha kichwa kitajirekebisha na kujisafisha chenyewe. Maneno matamu hayo kwa mtu anayewashwa. Jioni hiyo hiyo nikaifungia chupa yangu kabatini.

Nusu ya maelezo yake ni kweli. Kiosheo kilicho ndani ya shampuu nyingi, mara nyingi ni wale jamaa wa salfeti unaowaona nyuma ya chupa, kina molekuli yenye mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Mikia inayazingira mafuta, maji yanavuta vichwa, vyote vinateremka bombani. Hakibagui jasho na vumbi kwa upande mmoja na mafuta ya asili kwa upande wa pili. Kinachukua chote. Ila ile habari ya kichwa kushtuka ndiyo iliyonigharimu. Tezi za mafuta hazina habari na kinachoendelea bafuni, zinasikiliza homoni. Ukiosha leo au usioshe mwezi mzima, zitaendelea na kazi yake kwa mwendo ule ule.

Halafu kuna jambo ambalo yule dada hakuwa na sababu ya kulijua. Unywele ulionyooka ni kama mteremko: mafuta yakitoka kwenye ngozi yanateleza, brashi inayasukuma, yanafika nchani. Unywele wangu umejikunja kama waya wa simu za zamani. Mafuta yanatoka, yanakutana na kona ya kwanza, yanabaki hapo hapo. Ndiyo maana mtu mwenye kipilipili anaweza kuwa na ngozi ya kichwa inayong'aa kwa mafuta na ncha kavu kama nyasi za kiangazi, kichwa hicho hicho, siku hiyo hiyo. Kungoja mafuta ya utosini yafike kwenye ncha zangu ni sawa na kumngoja mgeni ambaye hata tiketi hajakata.

Mimi sikungoja tu. Ningengoja ningeharibu kidogo. Nilianza na sabuni ya kipande, ile ya asili isiyo na manukato, nikijua nimerudi kwenye usafi wa zamani. Hiyo ndiyo iliyoleta unga wa Mama. Nikadhani ni mba, nikaongeza kusugua, unga ukaongezeka. Basi nikahamia kwenye soda ya kuokea. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, unamimina, unasugua, unasuuza. Mara ya kwanza niliona muujiza: ngozi ilikuwa safi hadi inalia kwa vidole. Wiki ya tatu ya soda nikasikia sauti nyingine. Nilikuwa napitisha chanuo na kila likipita kulikuwa na mlio mdogo, tk, tk, kama mtu anavunja njiti za kiberiti chumba cha pili. Nikatazama kwenye sinki. Vipande vifupi vifupi, vingi, na hakuna hata kimoja chenye ule ute mweupe wa mzizi. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya mwanadamu, lakini hizo hutoka nzima na mzizi wake. Zangu zilikuwa zinakatika katikati.

Soda imefanya hivyo kwa sababu inayoeleweka. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi na kinyume chake, alikali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ni kama 5.5, na unywele wenyewe uko chini zaidi, karibu 3.7. Maji ya soda yanapanda hadi juu ya 8, na katika kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi. Unywele umefunikwa magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Katika asidi kidogo yanalala, katika alikali yananyanyuka, maji yanaingia kwa wingi, unywele unavimba, na magamba ya jirani yanakwaruzana. Ukiwa na nywele zenye kona nyingi, kila kona ni mahali pa kukatikia. Kilichonichoma zaidi ni kwamba miaka minne kabla nilikuwa nimenyoa nywele zote ili niachane na dawa ya kulainisha, ambayo pH yake hufika 12 na zaidi. Nilikuwa nimekimbia alikali kubwa, sasa najimiminia ndogo kila wiki kwa mkono wangu, na kuiita tiba ya asili.

Birika ndilo lililonitoa gizani. Birika langu la umeme lilikuwa limejaa chokaa ndani, ukoko mgumu mweupe chini na pembeni, na vipande vyake vilikuwa vinaelea kwenye chai. Jirani akaniambia nimimine siki na maji, niache. Nikafanya hivyo, nikakaa nalo jikoni. Ukoko ukaanza kutoa vipovu, ukichacharika kama chupa ya soda iliyofunguliwa, na baada ya nusu saa chuma kikaonekana. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi nilipogusa nywele zangu kwa mkono mwingine. Ukwaru ule ule. Nikasema, jamani, mimi naogea nini?

Maji magumu. Tuliyasoma kwenye kemia, tukayasahau baada ya mtihani: maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa yakabeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya kipande ikikutana na kalsiamu haitoi povu vizuri. Inaganda na kuwa utando usioyeyuka, ule unaouona kama mstari wa kijivu kwenye beseni la kuogea. Juu ya beseni unaufuta kwa kitambaa. Juu ya nywele zilizojikunja unashika kila kona, unakauka, na Mama anauita unga. Viosheo vya shampuu havigandi hivyo, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyovipa umaarufu tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo nilikuwa nimeacha kitu kinachovumilia maji ya huku nikachukua kisichoyaweza kabisa, na ushauri nimeupokea kwa mtu ambaye nywele zake si zangu.

Sikurudi kwenye chupa, lakini niliacha kufuata dini ya mtu. Sasa hivi nywele zangu zinaoshwa Jumamosi tu, na kazi inaanza Ijumaa usiku kwa kuchemsha maji. Ule ugumu wa muda huondoka kwa kuchemsha: chokaa inatulia chini, unamimina maji ya juu polepole na kuacha mashapo. Lita tatu zinatosha kwa kusuuzia mwisho. Ugumu wa kudumu hauondoki kwa njia hiyo, najua, ila kupungua tu kumeniletea nafuu.

Asubuhi nagawa kichwa mafungu manne na kusokota kila moja ili yasirudiane. Kwa ngozi natumia udongo mlaini wa mfinyanzi, ule wa unga unaouzwa kwa ajili ya uso na nywele, nimeukoroga kwa maji ya uvuguvugu hadi uwe kama uji mwepesi. Unanyonya mafuta ya juu bila kukomba yote. Naupaka kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kucha, nauacha dakika chache na kamwe siuachi ukauke, kwa sababu ukikauka unavuta nywele utadhani gundi. Wiki ambazo sina nguvu za udongo naosha kwa kondishena peke yake. Hiyo nayo ina kiosheo kidogo ndani yake, cha upole, na kwa nywele kavu mara nyingi kinatosha. Kisha siki: vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji, mara moja kila wiki mbili, namimina nikiwa nimefumba macho, nasuuza. Siki kavu isiyochanganywa itakuunguza. Na usije ukafuata wale wanaochanganya soda na siki kwenye chombo kimoja. Hizo mbili zinauana, unabaki na povu la kutazama na maji ya chumvi.

Kuchambua ndiko kunakokula muda. Nywele zikiwa zimelowa na zina kondishena, vidole kwanza, chanuo la meno mapana baadaye, kutoka nchani kupanda mzizini. Niliyefundishwa utotoni kuanzia mzizini na kuvuta hadi machozi, nilikaa miezi kabla mkono haujaacha mazoea. Taulo nimestaafu, nakaushia fulana kuukuu ya pamba, naikandamiza bila kusugua. Kisha mafuta ya nazi, matone machache, wakati nywele bado zina unyevu. Mafuta hayaleti maji, yanazuia tu yaliyopo yasitoroke, na ya nazi yana sifa ya kupenya ndani ya unywele, wakati mengi hukaa juu. Zamani nilikuwa napaka mafuta juu ya nywele kavu na kushangaa mbona hazilainiki. Glisirini ndiyo niliyoiacha kabisa majira ya baridi: inavuta unyevu popote inapoupata, na hewa ya chumba chenye hita ikiwa haina kitu, itauvuta kwenye unywele wenyewe. Usiku nasuka mabutu makubwa na kufunga kitambaa cha satini. Na sitoki nje nywele zikiwa mbichi wakati wa baridi kali. Niliwahi kufanya hivyo mara moja nikikimbilia treni. Zikaganda pembeni mwa kofia, nikawa kama mtu aliyebandika vijiti.

Nilipokuwa natafuta haya yote nilikutana na bwana mmoja aliyenifurahisha. Neno shampuu asili yake ni Kihindi, chāmpo, na maana yake ni kukanda, kuchua mwili. Aliyelipa umaarufu Uingereza ni mhamiaji, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna huko India. Alifungua mgahawa London mwaka 1810, ukafilisika, akahamia Brighton, mji wa pwani huko huko Uingereza, na kuanzisha bafu la mvuke na kukanda mwaka 1814. Wakubwa walimiminika kwake, hadi akahudumia wafalme George IV na William IV. Kuosha nywele kulikuja kubandikwa kwenye neno hilo baadaye. Kwa hiyo ninapokaa nikikanda ngozi ya kichwa kwa vidole na maji matupu, kitaalamu mimi ndiye ninayeshampuu.

Sasa nikiri jambo ambalo wenzangu wa kuacha shampuu hawapendi kulisikia. Februari iliyopita mwasho ulirudi, safari hii na magamba ya njano yenye mafuta, pembeni mwa paji la uso na nyuma ya masikio. Siki haikufua dafu. Nikaongeza mafuta ya nazi, hali ikawa mbaya zaidi. Mfamasia akatazama sekunde mbili akasema hiyo ni mba ya kweli: kuna kuvu anayeishi kwenye vichwa vya karibu watu wote, chakula chake ni mafuta, na mimi nilikuwa namwandalia. Akanipa shampuu yenye ketokonazo, dawa ya kuua kuvu, mara mbili kwa wiki, niiache dakika tano kabla ya kusuuza. Niliitumia wiki nne. Nilikuwa napaka kwenye ngozi tu, nywele zenyewe nimezisokota na kuzilinda kwa kondishena, na kila mara nilipofungua ile chupa nilihisi kama mtu aliyeonekana baa baada ya kuokoka. Lakini mwasho ulikwisha. Chupa bado ipo kabatini, na dalili zikirudi nitaifungua bila kumwomba mtu ruhusa.

Yule dada wa kazini tunaendelea vizuri. Nywele zake bado ni nzuri na bado anasema ni suala la subira. Nilimweleza kuhusu birika akacheka, ila wiki iliyofuata aliniuliza ile siki naichanganya na maji kiasi gani.

Mama siku hizi akipiga simu hasalimii kwanza. Anasema, "Inama." Nainamisha kichwa mbele ya kamera, namsikia anapumua akitafuta unga. Juzi alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Hapo nyuma ya sikio la kushoto hujasuuza." Nikapeleka kidole. Udongo.