Alhamisi Iliyosogezwa Mbele

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari mitano. Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2004, Morogoro, nikiwa mfasiri mgeni kazini. Wafadhili walikiarifu chama kimoja cha wakulima kwamba mkutano wa Alhamisi umekuwa "brought forward by two days". Nikaandika: "Mkutano umesogezwa mbele kwa siku mbili." Barua ikapigwa muhuri, ikaenda.

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia. Wageni wamekaa ukumbini, na wajumbe 18 wako mashambani wakiisubiri Jumamosi.

Sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi, na hapo ndipo penye hatari. Kwa Mswahili, kusogeza shughuli mbele ni kuiahirisha. Sisi ndio tunaotembea, na mbele ni kule tuendako. Ndiyo maana tuna siku za mbeleni na miaka ya nyuma. Katika "bring forward", Mwingereza amesimama na siku ndiyo inayomjia.

Mhariri wetu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, hakunigombeza. Aliweka kikombe katikati ya meza, akakivuta taratibu hadi kikamgusa kifuani. "Hii ndiyo bring forward, mwanangu. Siku imeletwa karibu." Kisha akakisukuma hadi ukingo wa pili. "Na huku ndiko kusogeza mbele kwetu."

Akanitaka nitazame kitenzi kabla ya "forward". Kwenye daftari la hesabu, "brought forward" ni kiasi kilichotoka ukurasa uliopita. "Carried forward" ni kile kinachopelekwa ukurasa unaofuata. Uingereza, Jumapili ya mwisho ya Machi, saa zao zinapokuwa "put forward", saa saba usiku hugeuka saa nane: mshale unakwenda mbele kama tunavyoelewa sisi. Neno ni lilelile, ila mkutano unawahi na mshale unasonga. Gumu kuliko yote ni "moved forward". Waambie Waingereza kwamba mkutano wa Jumatano umekuwa "moved forward two days": wako watakaosema Jumatatu, wako watakaosema Ijumaa. Hilo halitafsiriki kwa kubahatisha. Unampigia simu mwenye barua, unamwomba tarehe.

Mkutano ukapangwa upya, Jumanne tarehe 9 Machi. Ijumaa ikaja barua nyingine: "put back by a week". Kalamu ilikuwa imekwisha kuandika "umerudishwa", na msomaji wetu angeelewa kwamba umewahishwa. Lakini "put back" ni kuahirisha. Nikalikata neno, nikaenda kwenye kalenda ya ukutani, nikahesabu kwa kidole. "9.00 a.m." ya barua nayo nikaigeuza kuwa saa yetu. Nikaandika: "Mkutano uliokuwa ufanyike Jumanne tarehe 9 Machi sasa utafanyika Jumanne tarehe 16 Machi, saa 3 asubuhi."

Mzee akaisoma mara mbili, akaipiga muhuri.