Wasomaji watano na visanduku kumi na viwili

Kitafutaji kipya cha majarida ya mtandaoni kiliwashwa muhula wa Januari 2011, na kufikia Machi kila mtu pale maktabani alikuwa na sababu yake ya kueleza kwa nini wanafunzi hawakitumii. Mkutubi mkuu alisema ni uvivu, kizazi cha Google hakitaki kusoma. Watu wa kompyuta walisema ni mtandao, ingawa nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa tangu 2009 na mambo ya setilaiti tulikuwa tumeyapa kisogo. Wenzangu wa dawati la mbele waliwalaumu wahadhiri. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote kwenye vikao vile, katika chuo ambacho sioni haja ya kukitaja, mwendo wa matatu moja kutoka Kisumu, na kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu. Niliziandika sababu zote tatu, kikao baada ya kikao. Katika wote waliozitoa, hakuna aliyekuwa amekaa akamwona mwanafunzi akikitumia.

Tulikotoka kulikuwa na adha yake. Vyuo vya Kenya vilikuwa vikilipia majarida ya kielektroniki kwa pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba ulioanza 2003. Majarida yalikuwepo, tena kwa maelfu. Ila kila hifadhidata, yaani kila ghala la majarida hayo, ilikuwa na tovuti yake, sura yake, na mara nyingine nywila yake, ambazo tulizibandika kwenye karatasi karibu na mashine ya fotokopi. Wa uuguzi aende HINARI, wa kilimo AGORA, wa historia JSTOR, na wa elimu azunguke kotekote hadi achoke. Kitafutaji cha pamoja kilikuja kumaliza mzunguko huo: unaandika swali mara moja, kinalipeleka kwenye hifadhidata zote ulizotia tiki, kinangoja majibu, kisha kinayaweka kwenye ukurasa mmoja. Ni kama kuwatuma watoto kumi na wawili kwenye maduka kumi na mawili, kisha huwezi kuinjika chungu mpaka arudi yule anayekokota miguu.

Wakati huo nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili jioni, na masomoni humo ndimo nilimokutana na Jakob Nielsen, mzaliwa wa Denmark na mtaalamu wa kupima kama mitambo ni rahisi kutumia. Yeye alipiga hesabu kwamba watu watano tu, wakikalishwa mmoja mmoja mbele ya mtambo, hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo yake. Wataalamu wengine wameibisha sana hesabu hiyo. Kwangu ilikuwa na uzuri mmoja: watu watano ningeweza kuwanunulia soda kwa mfuko wangu mwenyewe.

Mkuu alinipa chumba cha kujalidi vitabu, kilichojaa harufu ya gundi, akataka nitumie kompyuta ya ofisini kwake kwa kuwa ina kasi. Nilimshukuru, nikaiacha pale pale. Nikabeba moja ya zile za ukumbini, yenye kipanya cha kugongwagongwa na herufi E iliyofutika.

Utaratibu wa jaribio ni mwepesi kuueleza. Unampa msomaji kazi iliyoandikwa kwenye karatasi, unamwambia kwamba anayepimwa ni mtambo wala si yeye, unamwomba aseme kwa sauti kila linalompitia akilini, kisha unanyamaza. Akikwama unanyamaza. Akikuuliza unamrudishia swali. Miaka yote niliyokuwa nimekaa kwenye lile dawati nililipwa kufanya kinyume cha hayo.

Wa kwanza alikuwa msichana wa uuguzi, mwaka wa tatu. Kazi yake ilikuwa kutafuta makala ya utafiti kuhusu vyandarua vyenye dawa na vifo vya watoto katika eneo la Asembo. Niliichagua kwa sababu nilijua makala zipo: utafiti ule ulifanyika huku kwetu, Asembo na Gem, miaka ya mwisho ya 1990, na matokeo yakachapishwa 2003 katika jarida la Marekani la magonjwa ya nchi za joto. Sikujua kwamba yeye mwenyewe ni wa Asembo.

"Ai, madam, hizi neti nazijua," alisema baada ya kusoma karatasi. "Zilikuja nikiwa mtoto."

Nikanyamaza. Akaandika "bed nets Asembo", akabonyeza. Ikatokea mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila hifadhidata, ikaanza kujaa kijani. Mitatu ilijaa upesi. Mingine ilijivuta. Mmoja haukusogea hata kidogo. "Inafikiria," alisema. Kitambo kikapita. "Imelala." Akabonyeza tena.

Hapo ndipo kalamu ilipotaka kunivunjikia mkononi, maana kubonyeza tena ni kufuta safari yote na kuianza upya. Mistari ikarudi mitupu. Ikajaa ile mitatu, ikajivuta ile mingine. Akabonyeza tena. Hakuna mahali popote kwenye skrini palipomwambia asifanye hivyo, na kila tovuti nyingine aliyopata kuitumia maishani ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kikikwama unabonyeza tena.

Mwishowe alichoka, akakunja mikono, na huko kuchoka ndiko kulikomsaidia. Majibu yakaja. Juu kabisa ilikaa makala ya wahandisi kuhusu mitandao ya neva ya kompyuta. Ya pili ilikuwa hiyo hiyo, imeletwa na hifadhidata nyingine. Ikafuata makala ya mchanga wa sakafu ya mito. Sababu yake niliijua baadaye: kitafutaji kilikuwa kikipeleka maneno yale yale kwa kila hifadhidata, lakini kila moja ikiyasoma kwa desturi yake. Moja inataka maneno yote matatu yawepo, nyingine inaridhika na lolote kati yake, iwe "nets" ya mitandao au "bed" ya mto, nyingine inataka yafuatane vile vile yalivyoandikwa. Halafu orodha ilipangwa kwa kufuata aliyefika kwanza. Seva ya wahandisi ilikuwa na mbio kuliko zote, basi wahandisi wakakaa juu katika kila swali, hata la mlezi wa wagonjwa.

Msichana akasoma kichwa cha ile ya kwanza kwa sauti, polepole. "Hii ni ya mambo ya kompyuta," alisema. Akatulia. "Lakini imewekwa ya kwanza. Labda ndiyo wanataka." Akaiandika kwenye karatasi kama jibu lake.

Sentensi hiyo niliinakili neno kwa neno na kuipigia mstari. Mkuu wangu angesema ni uvivu. Mimi niliona mtu mwenye adabu ya msomi, anayeamini kwamba maktaba ikiweka kitu juu ina sababu yake, hata pale macho yake mwenyewe yanapomwambia vingine. Kumbe sababu ilikuwa mbio za seva tu.

Jaribio lilipokwisha nikawa huru kusema, nikamfungulia makala zenyewe. Alisoma akiwa amesimama, mkoba tayari begani. Vijiji vilipigiwa kura ya bahati nasibu, nusu vikapata vyandarua mwanzoni, nusu vikangoja utafiti uishe. "Ng'ambo ya mto walipata kabla yetu," alisema. "Mamangu alilalamika mpaka kwa chifu. Akasema wale wana mtu wao." Akasoma tena. "Kumbe ilikuwa kura." Akaniomba nimchapishie nakala ya nyumbani, nikamchapishia bila kumlipisha, jambo ambalo halikuruhusiwa.

Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Siaya, mtu mzima mwenye mvi na koti, mmoja wa wale tuliowaita watu wa likizo kwa kuwa walisoma Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa. Huyu hakukubali kufikiri kwa sauti. Alikaa wima, akasoma karatasi kimya, akaandika kwa kidole kimoja, na kila hatua akageuka kuniangalia.

"Niendelee?"

"Ungefanya nini, Mwalimu, kama mimi siko hapa?"

Alilipima swali kama mtu aliyeulizwa jambo zito. "Kama hauko, binti yangu, ningekungoja."

Wa tatu, wa kilimo, alikatizwa na stima kupotea, na nilichopata kwake si kingi. Wa nne, kijana wa uchumi, aliitazama mistari ikijaa kwa muda mfupi sana, akafungua Google Scholar pembeni, akaipata makala, kisha akanigeukia kwa heshima kuniuliza nywila ya kuifungulia. Kwa hesabu ya jaribio alikuwa ameshindwa kazi. Sijawahi kuona kushindwa kwenye maana kuliko kule.

Kila mmoja nilimpa hojaji mwishoni, ile ya John Brooke ya 1986 ya kupima urahisi wa mtambo, yenye kauli kumi, nusu za kusifu na nusu za kulaumu, ambayo kwa kawaida mtambo wa wastani hupata 68 kati ya 100. Msichana wa uuguzi, aliyenipa makala ya mitandao ya neva, aliupa mtambo zaidi ya hapo. Mwalimu alikubaliana kabisa na kila kauli, kwamba mtambo ni rahisi na kwamba una utata usiohitajika, na kwa kanuni ya hojaji hiyo anayekubali yote kabisa hutoa 50 kamili. Huku kwetu mgeni hasemi chakula kimekosa chumvi. Kama ningeziamini zile karatasi ningeandika ripoti nzuri sana.

Siku ya mwisho mkuu alitaka kuona. Nilimweleza kanuni ya kunyamaza, akakubali, akaketi nyuma karibu na rundo la magamba ya vitabu. Msomaji alikuwa binti wa mwaka wa kwanza wa sosholojia. Mistari ikaanza kujaa, ikajivuta. Binti akabonyeza tena. Nikamsikia mkuu akijikohoza. Binti akabonyeza tena, akakaribia vile visanduku kumi na viwili, vyote vimetiwa tiki tangu mwanzo kwa uamuzi wa kikao chetu wenyewe, akavipita. Akavirudia. Akavipita.

"Ondoa tiki!" mkuu alipaza sauti. "Hapo juu! Hizo za uhandisi zote ondoa!"

Binti aliruka, kipanya kikaanguka kikaning'inia kwa waya wake. Mkuu alisimama, akaomba radhi, akaketi, akasimama tena. Soda ya binti huyo aliilipia yeye.

Neno uvivu sikulisikia tena. Kikao kilichofuata ni yeye aliyeeleza shida ya kungoja na kubonyeza upya, kwa ufasaha, kama aliyeigundua mwenyewe, nami nikaandika hivyo kwenye kumbukumbu. Tuliondoa tiki zote, tukaweka orodha fupi ya kuchagua kwa somo, hifadhidata nne au tano kila moja, na maneno makubwa yanayoomba subira. Kampuni iliyotuuzia ilijibu kwamba mpangilio wa kufuata aliyefika kwanza ndivyo ulivyojengwa na hauguswi. Tulikuja kuachana nao miaka ya baadaye, tulipopata mtambo wa aina ile iliyoanza na Summon ya 2009, ambayo haitumi mtu dukani: taarifa za makala zimekusanywa mapema kwenye faharasa moja, na jibu hutoka hapo hapo.

Lakini Agosti ya mwaka ule ule wa jaribio, watu wa likizo waliporudi, nilimwona mwalimu wangu ukumbini, koti lile lile. Nikamwita aone. Aliliangalia sanduku jipya, akachagua somo la elimu bila kuniuliza, majibu yakaja kabla hajakunja mikono, na yale ya juu yalikuwa ya elimu kweli. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tumefanya kazi. Kisha akavuta kiti cha pili, akakipangusa kwa kiganja, akakisogeza upande wangu.

"Sasa keti, binti yangu," alisema, "unitafutie."