Cairo kwa mwanafunzi wa udi na kanuni: sikio kwanza, chuo baadaye

Wengi wanaotoka Zanzibar, Mombasa, Lamu au Tanga kuja Cairo kusomea muziki wa Kiarabu kwa udi (ala ya nyuzi yenye shingo fupi) au kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa) huanza na maswali ya chuo: chuo gani, ada kiasi gani, cheti kinatambulika wapi. Ni maswali ya haki, na la chuo nimelijibu huko chini. Lakini kinachowakwamisha watu hapa mara nyingi ni sauti moja tu, ile inayokaa kati ya Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu toni) na Mi, ambayo Waarabu huiita Sika. Mwenye kuishika Sika kwa koo na kwa kidole atakaa vizuri katika darasa lolote la mji huu. Asiyeishika, hata awe na mkono mwepesi namna gani, ustadhi atamrudisha nyuma kila wiki. "Tani," atamwambia, yaani rudia. Akirudia: "Min il-awwil." Anza upya.

Safari ya watu wetu kuja kujifunza hapa ni ya zamani. Husimuliwa Zanzibar kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Mohammed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, naye akarudi kuwafundisha wenzake. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kikaundwa 1905. Tofauti ni kwamba anayekuja leo amekulia kwenye kinanda cha umeme. Vikundi vingi vya taarabu viliiweka kanuni pembeni, kazi yake ikachukuliwa na kinanda, na kinanda kikiachwa kama kilivyotoka kiwandani kina sauti 12 tu ndani ya oktava (kutoka Do mpaka Do inayofuata). Vile vinavyouzwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vina vitufe vya kushusha sauti kwa robo toni, yaani senti 50 kamili (nusu toni ni senti 100), na sikio linazoea Sika moja isiyosogea. Mwanafunzi anafika Cairo na vidole imara na sikio la kiwandani.

Tuitazame Sika kwa karibu. Chukua udi wa Kiarabu ambao uzi wake, kuanzia kijifupa cha shingoni mpaka darajani, una urefu wa sentimita 61. Kwenye uzi wa Re, Mi bemoli iko takriban sentimita 3.4 kutoka kijifupani, na Mi kamili iko 6.7. Sika ya kitabuni, ile ya katikati kabisa, inaangukia 5.1. Sasa piga Rast ya Do (Rast, Bayati na Hijaz ni maqamu, yaani mipangilio ya sauti ambayo muziki hujengwa juu yake): Do, Re, Sika, Fa, Sol. Hapa Sika hukaa palepale au juu kidogo. Halafu piga Bayati ya Re: Re, Sika, Fa, Sol. Kwenye karatasi ni nota ileile na alama ileile, lakini ustadhi wa Kimisri atakitaka kidole kirudi nyuma kama milimita tatu hadi tano. Ukikiacha kilipokuwa kwenye Rast, Bayati inakauka, na msikilizaji wa hapa anakunja uso hata kama hajui kosa liko wapi. Hijaz ya Re nayo ina lake: Mi bemoli hupandishwa kidogo na Fa diezi (Fa iliyopandishwa nusu toni) hushushwa kidogo, ili pengo kati yao lisiwe pana kama la piano.

Kulizoeza sikio hakuna siri. Weka sauti ya Re iendelee bila kukatika, kwa simu au kwa mwenzako mwenye fidla. Udi uache kwenye mfuko wake. Imba: Re, Sika, Re. Kisha Re, Sika, Fa, Sika, Re. Kisha teremka kutoka Sol mpaka Re polepole na ukae juu ya Sika mpaka uisikie imetulia. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinashinda saa mbili za Ijumaa. Ukishaweza kuimba, ndipo kidole kitafute kile ambacho koo linakijua.

Programu za simu za kupimia sauti zina mtego wake. Nyingi zinatambua nota 12 tu, kwa hiyo ukipiga Sika ya katikati mshale unayumba, mara Mi bemoli imezidi 50, mara Mi imepungua 50. Watu hudhani simu mbovu au udi mbovu. Chagua inayoonyesha senti, kisha soma hivi: Mi iliyopungua 50 ni Sika ya kitabu, Mi iliyopungua 60 au 65 inakaribia ya Bayati. Itumie kujikagua baada ya kupiga. Anayepiga huku macho yako kwenye mshale hasikilizi tena.

Hata wakubwa hawakuwahi kukubaliana juu ya vipimo hivi. Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha hapa Cairo kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu, wakaja wataalamu wa nchi za Kiarabu na Uturuki, na watunzi wa Kizungu kama Béla Bartók na Paul Hindemith. Mojawapo ya mabishano yao ilikuwa kama oktava igawanywe sehemu 24 zilizo sawa, na jingine kama piano iruhusiwe. Wakati wanasayansi wanabishana, wanamuziki walirekodiwa, na rekodi hizo ndizo mali iliyobaki. Kundi la Iraki lililokuwa na mwimbaji Muhammad al-Qubbanji limo humo. Kwa mwanafunzi zinafaa kuliko vitabu vingi vya nadharia, kwa sababu zinaonyesha Sika ilivyokuwa kabla kinanda hakijaingia.

Darasani mambo huenda kwa kupokea. Ustadhi anapiga kipande kifupi, wewe unarudisha, anapiga tena, unarudisha. Nota zipo na vyuoni husomwa, ila nota huandika mifupa mitupu. Nakshi, mtetemo na kuchelewa kidogo kabla ya kutua havimo. Ustadhi huyohuyo atapiga mstari mmoja namna tatu kwa siku tatu, na mgeni hulalamika kwamba anabadilisha somo. Habadilishi. Omba ruhusa urekodi, kisha nyumbani punguza kasi mpaka nusu na uandike alichofanya kati ya nota.

Kipande cha kwanza kwa kawaida ni dulabu, utangulizi mfupi unaoitambulisha maqamu, na baada yake samai, kipande kirefu zaidi cha ala bila kuimba. Hapa mtu wa pwani ana mtaji, maana aliyekaa na vikundi vya kale ameshasikia bashrafu, vipande vya ala bila kuimba, zikifungua shughuli, na samai imejengwa vivyo hivyo: khana nne, yaani sehemu zinazobadilika, na baada ya kila khana hurudiwa taslimu, yaani kiitikio. Samai Bayati ya Ibrahim al-Aryan ndiyo ambayo karibu kila mwanafunzi hupitia. Mizani yake ni 10/8, yaani hesabu kumi kila mzunguko, na kwenye rika, tari ndogo, hupigwa hivi (dum ni pigo zito, tak pigo kali, kistari ni kimya):

dum – – tak – dum dum tak – –

Hesabu 3, 2, 2, 3. Wageni huharibu kimya cha mwisho. Wanakikata, wanaingia dum kabla ya wakati, na baada ya mizunguko minne wako peke yao. Piga makofi na kuhesabu mpaka tisa na kumi zikae sawa na nyingine. Khana ya nne hubadilisha mizani, mara nyingi 3/4 au 6/8, na kurudi kutoka huko kwenda taslimu ndiko watu wanakoanguka. Fanya mazoezi ya mpito huo peke yake, mistari miwili tu, kabla ya kupiga samai nzima.

Kingine kitakachokutambulisha kuwa mgeni ni namna ya kupanda na kushuka. Rast ikipanda hutumia Si iliyoshushwa robo toni, ikishuka mara nyingi Si inakuwa bemoli. Ukiweka Hijaz juu ya Sol badala yake, umeshaingia maqamu nyingine, Suznak. Anayeipiga kama ngazi ya piano, kwenda na kurudi njia moja, anajulikana kabla hajamaliza.

Mkono wa kulia unahitaji miezi. Risha, ile ya kupigia udi, zamani ilikuwa unyoya wa tai. Siku hizi ni plastiki nyembamba ya sentimita 12 au zaidi, na wanafunzi wengi hutengeneza yao kwa ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya, wakaisugua ncha kwa msasa laini mpaka iwe mviringo. Inakamatwa ikiwa imelala ndani ya kiganja, ncha ikitokeza sentimita mbili hivi. Nguvu itoke kwenye kifundo. Anayepiga kwa kiwiko hutoa sauti kali na huchoka ndani ya robo saa, na anayekandamiza mkono juu ya uso wa udi huuziba usivume. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mwendo) 60, mapigo manne kwa kila hesabu, nyuzi wazi, chini na juu vilingane. Pigo la juu huwa dhaifu, kwa hiyo anza mazoezi na hilo.

Kuhusu kununua: Mtaa wa Muhammad Ali, unaotoka Ataba kuelekea Ngome, ulikuwa mtaa wa wanamuziki na mafundi. Sasa samani zimechukua sehemu kubwa, lakini maduka ya vyombo bado yapo. Udi unaopambwa sana kwa chaza na mifupa huuzwa kwa watalii, uache. Nenda na mtu anayepiga. Tazama shingo kwa pembeni uone kama imepinda. Pima nafasi kati ya uzi na shingo pale shingo inapokutana na tumbo: karibu milimita 3 ni nzuri, ikifika 5 vidole vitaumia na sauti itapanda kila ukikandamiza. Gonga tumbo kwa kifundo cha kidole, na panapolia kavu kama debe kuna mbavu iliyoachia gundi. Zungusha kila kigingi, kisikwame wala kuteleza.

Uliza pia kama ni udi wa Kiarabu au wa Kituruki. Wa Kituruki una uzi wa sentimita 58.5 hivi na hupandishwa toni moja juu zaidi, na nyuzi zake si za kubadilishana. Ukifunga nyuzi za Kituruki kwenye udi wa sentimita 61 na kuzipandisha hadi sauti yake, unazikata au unaling'oa daraja. Udi wa kawaida wa hapa una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene. Mpangilio unaotumika sana kutoka mnene kwenda mwembamba ni Do, Fa, La, Re, Sol, Do.

Kanuni fikiria mara mbili kama unaishi chumba cha kupanga. Ina nyuzi 78, tatu tatu kwa sauti 26, na mwanzoni kuzipanga kwa ufunguo hula saa nzima kabla hujapiga hata dulabu. Mandali, vile vyuma vidogo vya kupandisha na kushusha sauti, huendeshwa na mkono wa kushoto bila kukatisha mapigo. Wazee kabla ya mandali walibana uzi kwa kucha ya dole gumba, na mtindo huo ukiupata kwa ustadhi mzee jifunze, kwa sababu mandali nazo hukupa Sika iliyokwisha kupimwa na fundi.

Sasa vyuo. Kwa shahada kuna Taasisi ya Juu ya Muziki wa Kiarabu chini ya Chuo cha Sanaa, Giza, kwenye barabara ya Haram, na Kitivo cha Elimu ya Muziki cha Chuo Kikuu cha Helwan, kilichoko Zamalek, ambacho huandaa walimu. Zote zinataka Kiarabu cha kuelewa mhadhara na mtihani wa kipaji. Vyuo vya serikali huwapokea wageni kupitia idara ya wanafunzi wa kigeni, wafidina, ya Wizara ya Elimu ya Juu. Vyeti vya sekondari vigongwe mihuri ya Mambo ya Nje nyumbani na ya ubalozi wa Misri kabla hujapanda ndege. Kukimbizana nayo ukiwa huku ni kupoteza muhula.

Anayetaka udi bila shahada aende Bait al-Udi, shule ya udi iliyoanzishwa na Naseer Shamma, mpiga udi wa Iraki, ndani ya nyumba ya kale ya Harrawi nyuma ya al-Azhar. Wenzetu wanaosoma al-Azhar wanafika kwa miguu. Kipimo chake ni kupiga peke yako mbele ya watu. Masomo ya faragha yapo kila mtaa, na kwa mwaka wa kwanza ndiyo ninayoyapendekeza, mara mbili kwa wiki, ila ujue Ramadhani ratiba yote hupinduka. Walioko Marekani wana kambi ya wiki moja ya kiangazi iliyoanzishwa na mwanamuziki Simon Shaheen mwaka 1997 huko Massachusetts. Na kabla ya kutafuta viza yoyote, aliyeko Unguja aanze na chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi (Dhow Countries Music Academy), kilichofunguliwa 2002, maana udi na kanuni vinafundishwa huko kwa Kiswahili.

Mwisho, udi ukiwa njiani kwenda nyumbani. Cairo ni kavu, pwani ni mvuke. Mbao zilizozoea ukavu zikifika Unguja zinavimba, uso unainuka na nyuzi zinapanda juu ya shingo. Ngozi ya samaki iliyo chini ya daraja la kanuni inalegea na sauti zote zinashuka. Kwa ndege, shusha nyuzi toni moja au mbili tu, usizilegeze kabisa, na tia kitambaa chini ya kichwa cha udi ndani ya sanduku gumu. Ukifika liache sanduku limefungwa siku moja, kisha pandisha nyuzi kidogo kidogo kwa siku tatu. Usimwite fundi akwangue shingo wiki ya kwanza, ngoja mwezi mbao zitulie. Beba seti tatu za nyuzi za akiba, na zile nene zilizozungushiwa waya mara mbili zaidi, maana chumvi ya bahari huanza na hizo.