Sukari Yenye Harufu ya Petroli

Leo Jumapili nimetoa kila kilichomo stoo nikakipanga uani, nikapindua ndoo, nikakaa juu yake kuvitazama. Madumu mawili ya mafuta ya alizeti, moja limebaki robo. Miche saba ya sabuni. Boksi zima la viberiti, na sikumbuki nililinunua kwa hofu ipi. Chumvi pakiti kumi na nne, nyumba ya watu watano. Mtungi wa gesi ambao haujaguswa. Mchele wa Bahi kwenye ndoo yenye mfuniko. Mahindi ya mwaka jana, gunia moja na nusu. Na kule kona ya mwisho, ndoo ya bluu yenye sukari kama kilo sita hivi, ambayo humu ndani hakuna anayeitaka.

Ni Juni 2024, baridi ya asubuhi inauma, na upepo wa Dodoma umeshaanza kumwaga vumbi lake kwenye kila kilichoachwa wazi. Mahindi yanashuka kutoka mashambani. Kwa hiyo ninachofanya leo si usafi hasa, naandaa nafasi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu. Inaanza Desemba, Aprili inakata, na baada ya hapo unaanika nguo miezi saba bila kutazama mawingu. Kinachovunwa sasa ndicho kitakachotuvusha hadi mwakani. Mgogo hakuhitaji semina ili ajue kuweka chakula.

Mimi lakini ni Mgogo wa mjini, na semina yangu ilikuwa Januari 2023. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa sado, lile kopo la rangi lililogeuka kipimo cha nchi nzima. Sado ya mahindi, sado ya maharage, unga kilo tano dukani kwa Mangi, basi. Mwezi ule debe la mahindi hapa mtaani Nkuhungu likagonga 22,000. Mangi alikuwa anaandika bei ya unga kwa chaki kwenye kibao mlangoni, na ile chaki ndiyo iliyonitia kiwewe. Nilikuwa nikitoka kazini nafika pale natazama kibao kwanza kabla ya kumsalimia mtu. Serikali ikafungua mahindi ya akiba, yale ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, yakauzwa chini ya bei ya soko, nami nikapanga foleni. Foleni ile ndefu, jua la saa saba, watu tumeshika viroba vitupu. Nikaapa sitarudi tena.

Julai mwaka ule ule nikavunja kikoba, nikaenda Kibaigwa. Nani asiyejua Kibaigwa? Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro unalijua soko kwa malori kabla hujayaona mahindi. Basi likiwa wilaya ya Kongwa huwa nakumbuka habari ya Waingereza na karanga zao. Mwaka 1947, vita imeisha lakini kwao mafuta ya kula na siagi bado vinatolewa kwa mgawo, wakaja hapa na matrekta kulima karanga za kukamulia mafuta. Ardhi ikikauka inakuwa kama saruji, mibuyu haing'oki, mvua ikagoma. Mwaka 1951 wakaacha, pauni milioni 36 zimezama. Ile 2022 dumu la mafuta ya kula lilipopanda mpaka tukaanza kupima mafuta kwa kijiko, nilikuwa nawaza: hawa nao walihangaika hivi hivi, tofauti ni kwamba wao walikuwa na matrekta.

Turudi kwenye mahindi. Nilinunua magunia matatu, na hapo ndipo ujuzi wangu wa mjini ulipojulikana. Mawili nilichukua sokoni. La tatu nilichukua nje, kandokando ya barabara, kutoka kwa dalali aliyenipunguzia bei kwa haraka kuliko nilivyoomba. Mtu akikupunguzia kabla hujamaliza sentensi, kimbia. Mimi nilimshukuru.

Nilikuwa nimejinunulia ile mifuko ya PICS inayoitwa kinga njaa. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki, nje kiroba cha kawaida. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa mpira. Wadudu waliomo wanamaliza hewa iliyobaki, wanakufa. Hakuna dawa ya unga, hakuna harufu. Inafaa sana, hasa kwa yule dumuzi ambaye wazee wanamwita Scania, maana anapita kwenye gunia kama lori lililokatika breki. Huyu si mwenyeji. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo hajaaga.

Lakini mfuko unaozuia hewa kuingia unazuia na unyevu kutoka. Gunia la tatu halikuwa limekauka. Nilipolifungua Novemba, harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili. Kijani, kijivu, punje zimeshikana kama mkate. Mama, nilipompigia simu kule Mvumi, hakunipa hata pole. Aliuliza, "Ulipima kwa chumvi?" Sikuwa najua chumvi inapima nini. Kumbe unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi kidogo na chumvi kavu, unatikisa dakika kadhaa, unaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai juani. Jambo la dakika chache na kopo la chumvi. Ninazo pakiti kumi na nne.

Nikabaki na gunia zima bovu. Jirani mmoja akashauri niwape kuku, mwingine akasema wapika pombe wananunua. Nilikaa nalo siku mbili nikipiga hesabu ya pesa yangu. Kisha nikakumbuka 2016, mwaka ambao sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu wapatao ishirini hapa Dodoma na Manyara. Familia zilikula ugali wa mahindi yao wenyewe, waliyoyalima na kuyatunza wenyewe, ini likaharibika. Sumu ile haiondoki kwa kupika, wala kwa kukoboa ukadhani umesalimika, na kuku ukimlisha unajirudishia mwenyewe kwenye yai. Tulichimba shimo nyuma ya choo tukafukia. Sijawahi kufanya kazi iliyoniuma kama ile. Kila koleo nilikuwa naliona kama noti.

"Akiba haiozi." Haya.

Petroli sasa. Julai na Agosti 2023, kama mnakumbuka, vituo vingine vilikuwa vinaweka vibao vya "hakuna mafuta", habari ikiwa ni uhaba wa dola. Baba Neema, mume wangu, ana pikipiki anayoendea kazini Mtumba. Akapata dumu la lita ishirini kwa njia zake, ingawa kujaziwa kwenye madumu kumekatazwa, akaliweka stoo kwangu, ndani ya nyumba wanamolala watoto. Tuligombana. Akasema ni ya wiki mbili tu, bei itatangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi kama kawaida, ataona hali. Wiki mbili zikawa miezi saba. Mwanamume akishapata dumu lake la akiba halitumii, analitembelea.

Mwaka huu ukaanza na sukari. Mvua za El Niño zilijaza maji mashamba ya miwa, viwanda havikuvuna, na kufikia mwisho wa Januari kilo iliyokuwa chini ya 3,000 ilikuwa inaulizwa 4,000, kwingine 5,000. Serikali ikatangaza bei elekezi. Bei elekezi ikawa kwenye redio, sukari ikawa chini ya meza. Kwa Mangi ilibidi uwe unajulikana. Mimi najulikana. Nilipata kilo kumi na mbili kwa mafungu matatu, usiku, kwenye mfuko mweusi, kama mtu anayebeba bangi. Nikaziweka kwenye ndoo ya bluu, nikasukuma nyuma kabisa ya stoo, pale asipoona mgeni. Pale pale kwenye dumu la Baba Neema.

Katikati ya Februari, jioni, mtoto wa jirani yangu wa ukuta wa kushoto aligonga geti ameshika kikombe cha plastiki chekundu. "Shikamoo. Mama anaomba sukari kidogo ya uji wa mtoto." Mdogo wake alikuwa anaumwa, tulikuwa tumemsikia akilia usiku.

Nilisema, "Mwambie mama kwetu nayo imeisha."

Ilinitoka laini kabisa. Hata sura nilibadilisha, nikaweka ile ya kusikitika. Mtoto akasema asante, akageuka na kikombe chake. Neema alikuwa nyuma yangu anaosha vyombo. Ana miaka kumi na mmoja. Hakusema neno, aliendelea kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Nimejitetea sana tangu siku ile, kichwani, maana hakuna aliyenishtaki. Nilijiambia ningempa huyu, kesho wangekuja watano. Ni kweli kabisa, wangekuja. Nilijiambia mimi nimenunua kwa jasho langu. Kweli tena. Wiki hii Bungeni, hapo tu mjini kwetu, wanavutana kuhusu vibali vya kuingiza sukari, nani alipewa na nani hakupewa, na nimejikuta nazima redio, maana kila wanaposema watu walificha sukari naona ndoo ya bluu.

Mama anao msamiati wa zamani kwa mambo haya. Yeye ni wa enzi za duka la kaya na foleni ambazo watu walikuwa wakipanga mawe kushikilia nafasi, wa kufulia majani ya mpapai sabuni ikikosekana. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, baba yake mkubwa wa Mpwapwa, mwenye kiduka cha mlango mmoja, alikuwa na katoni tatu za sabuni ya unga alizokuwa ameziweka zipande bei. Kwa hofu akazifukia usiku kwenye bustani ya mchicha. Aprili ikanyesha mvua. Asubuhi mtaa mzima ukaona bustani ya mzee inatoa povu. Sijui mama ametia chumvi kiasi gani hapo, kila mwaka povu linaongezeka kimo, lakini anachosisitiza ni kwamba hakuna aliyemripoti. Walikuja na mabeseni, wakachota matope, wakafulia. Na mzee alisimama mlangoni akiwaangalia, hawezi kusema ni yake.

Bibi mzaa mama naye alikuwa na vilindo vya uwele, vile vyombo vya kuwekea nafaka, ndani ya tembe, nyumba ya jadi ya Kigogo, pale unapopita ukiingia, hivyo mgeni yeyote alijua nyumba hii imebakiwa na kiasi gani. Akija mtu kukopa, bibi anapima kibaba cha kufuta, si cha kilima, na mavuno yakifika anarudishiwa cha kufuta vilevile. Wasio na kitu cha kurudisha walirudisha kazi. Hakuwa malaika. Mama anasema kuna watu aliwanyima machoni pao, akawaambia, "Ninacho, ila sikupi, mwaka juzi hukurudisha." Alizaliwa na watu walioiona Mtunya, ile njaa ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe na nafaka za Ugogo. Ukizaliwa na watu wa hivyo unapima kwa mkono mzito. Lakini "ninacho, ila sikupi" na "imeisha" ni maneno mawili, na mimi nilichagua lile lililokuwa rahisi mdomoni.

Sukari yenyewe tuliifungua Machi. Chai ya kwanza, Baba Neema akanusa, akanitazama. Petroli. Siyo nyingi, haiwaki, lakini ipo, inakuja mwishoni ukishameza. Sukari inavuta harufu kama pamba. Nimeianika kwenye trei, nimetia iliki, nimetia tangawizi hadi chai ikawa dawa. Watoto wameigomea. Dumu nililitoa siku hiyo hiyo, nikamwambia mwenyewe achague, lilale stoo au alale yeye. Sukari nimekuwa nainywa peke yangu, kikombe asubuhi kikombe jioni, na kilo sita bado.

Leo mchana, vitu vikiwa bado vimetapakaa uani, yule jirani wa kushoto akaingia. Geti lilikuwa wazi kwa ajili ya kufagia, sikuwahi hata kufunika ndoo. Alikuwa ametoka kwao Chemba, ameniletea mlenda wa kukausha, mfuko mzima, na kunde sado moja. "Mbukwenyi!" akasalimia kwa Kigogo, akapita katikati ya miche ya sabuni na pakiti za chumvi kana kwamba kila nyumba Jumapili huwa hivyo. Nikamvutia kigoda. Mtoto wake yule wa kikombe chekundu anakua vizuri, mdogo naye alishapona.

Nilitaka kumtuma Neema kwa Mangi achukue nusu kilo. Sukari sasa inapatikana. Nikamwona Neema ananisubiri niseme. Nikaingia ndani, nikachemsha chai, nikachota kutoka kwenye ndoo ya bluu.

Jirani akapuliza, akanywa, akatulia. Akanusa kikombe.

"Mama Neema, hii sukari yenu ni ya lini?"

"Ya Januari," nikasema.

Akatazama ndoo, akatazama mtungi wa gesi, nikaona midomo yake inahesabu miezi. Kisha akasogeza kikombe nimwongeze.